Amana ya nyumba Texas: rangi imefifia, hela harudishi

Pole dada. Umehama Houston mwezi juzi, na mwenye nyumba ameng'ang'ania amana yako eti rangi ya ukutani imefifia. Je, ulimpa anwani yako mpya kwa maandishi? Sheria ya Texas inampa siku 30 tangu uhame, ila halazimiki kulipa kabla hajaipata anwani hiyo. Kumpigia simu hakutoshi. Haki yako haijapotea. Mwandikie leo, ubaki na nakala. Rangi kufifia ni uchakavu wa kawaida, haruhusiwi kukukata hela kwa hilo. Akikaidi kwa nia mbaya, mahakama ya madai madogo inaweza kumtoza dola 100 na mara tatu ya alichozuia isivyo halali. Mtajie hilo kwenye barua, wengi hulegea hapo.