Je, kodi ya majengo ya Jinja ndiyo inayojenga reli?

Swali: Nina vyumba vinne vya maduka vya kupangisha hapa Jinja, karibu na stesheni. Baada ya tathmini mpya, bili ya kodi ya majengo kutoka halmashauri imepanda sana. Jirani anasema tunachangishwa kwa ajili ya reli mpya na bandari za ziwani. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, jirani amechanganya mifuko. Kodi ya majengo inatozwa kwa sheria ya Uganda ya serikali za mitaa ya 2005. Kiwango chake hakiruhusiwi kuzidi asilimia 12 ya thamani iliyokadiriwa, na angalau asilimia 75 ya makusanyo lazima iwarudie walipaji kama barabara za mtaa, mitaro, taa na uzoaji taka. Reli na bandari ziko kwa serikali kuu.

Bili imepanda kwa sababu wathamini wamekadiria upya pango ambalo maduka yako yanaweza kuleta. Nyumba unayoishi mwenyewe imesamehewa, kwa hiyo kama kimoja kati ya vyumba hivyo ndicho unacholala, sema mapema. Ukiona makadirio yamezidi, peleka pingamizi kwenye mahakama ya tathmini kabla muda uliotangazwa haujaisha. Wengi hulalamika baada ya muda kupita, na hapo hata mimi siwezi kuwasaidia.

Lakini usidhani reli huilipii. Kodi ya mapato ya pango unayoipeleka URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ambayo si hii ya halmashauri, inaingia hazina kuu, na huko ndiko inakotoka pesa ya miradi ya taifa. Tena kuna tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 kwa bidhaa nyingi zinazotoka nje ya Afrika Mashariki. Mpangaji wako akiagiza mzigo wenye thamani ya shilingi milioni 40 ukifika bandarini, tozo ni shilingi 600,000. Ataipakia kwenye bei, na wewe utainunua pamoja na betri ya tochi.

Mzigo mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni deni. Mkataba wa reli ya Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala, kama kilomita 272, ulitiwa saini Oktoba 2024 kwa takriban yuro bilioni 2.7. Mikopo ya yuro hulipwa kwa yuro, shilingi iwe imara au imeshuka. Enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kuanzia 1948, nauli za mizigo ndizo zilizotarajiwa kubeba gharama. Reli mpya nayo isipopata mizigo ya kutosha, pengo litazibwa na walipakodi wa nchi nzima, hata wa Arua, kule kaskazini-magharibi, wasioiona.

Kwa halmashauri, swali lako liwe hili: ile asilimia 75 ya mwaka jana iliingia mtaro gani, na barabara ipi?