Waliniuliza Tuko Wangapi Nyumbani, Nikajibu Nane

Jumapili iliyopita nilipotoka kanisani nilikuta kwenye WhatsApp sauti ya dakika sita kutoka kwa mama mmoja anayesoma makala zangu. Hatujawahi kuonana. Alianza na salamu ndefu kama tunavyosalimiana sisi, akaulizia watoto, akaulizia baridi, halafu sauti ikabadilika. "Dada, fudistempu imegoma. Leo siku ya tano. Mwanangu anasema kadi ina sifuri. Sijaiba, sijagombana na mtu, sijui nimewakosea nini."

Fudistempu ni ule msaada wa serikali ya Marekani wa kununulia chakula, unaoingia kwenye kadi. Nilimpigia palepale. Nilimuuliza swali moja tu: barua za ofisi unaziweka wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema ziko kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Nyingine hajazifungua kwa sababu ni za Kiingereza, na kijana wake anayejua Kiingereza anafanya kazi zamu ya usiku. Tukazifungua pamoja kwa video, moja baada ya nyingine. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na jibu: muda wa msaada wake uliisha mwisho wa mwezi, na karatasi za kuuhuisha hazikurudi.

Ile droo naifahamu. Hata mimi nilikuwa nayo.

Tulifika Marekani Desemba 2016 kutoka Nyarugusu, kule Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kambini nilikaa miaka 19. Nimekulia kwenye chakula cha msaada, na utaratibu wake naujua hata nikiwa usingizini: jina lako liko kwenye kadi, siku ya mgao ikifika unapanga foleni na mfuko wako, unapimiwa unga, mbaazi, mafuta na chumvi, unarudi nyumbani. Mgao ukipunguzwa, umepunguzwa kwa wote. Tulilia pamoja. Sikumbuki jirani hata mmoja aliyekatwa peke yake kwa sababu hakujibu barua.

Kwa hiyo nilipopewa ile kadi ya plastiki niliichukua kama kadi yangu ya mgao. Wengi wetu tunakosea hapo. Hapa kila familia ina saa yake inayohesabu. SNAP, ambalo ndilo jina la serikali tangu 2008 ingawa sisi sote bado tunasema fudistempu, hutolewa kwa muda maalumu: familia nyingine miezi sita, nyingine mwaka mmoja, wazee wengine zaidi ya hapo. Tarehe ikifika na karatasi hazijarudi, msaada unakufa wenyewe. Hakuna anayekuja kugonga mlango kuuliza mmekula nini.

Mwaka wa kwanza shirika lililotupokea lilitufanyia kila kitu. Mwaka 2018 tukahama, kutoka fleti ya vyumba viwili kwenda nyumba ya kupanga yenye beismenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, upande wa pili wa mji. Tuliwaambia shule, tukawaambia kazini kwa mume wangu, tukawaambia kanisani. Ofisi ya fudistempu hatukuiambia. Barua zikaendelea kwenda kwenye fleti ya zamani.

Nililijua hilo dukani. Nilikuwa na gunia la mchele la ratili 20, kuku wawili wazima, nyanya, vitunguu, mafuta na maziwa ya watoto. Mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka 11, ndiye alikuwa mdomo wangu. Nilipitisha kadi, nikaweka namba ya siri, mashine ikalia. Nikarudia. Dada wa kaunta akamwambia mtoto jambo, na mtoto akaniambia kwa Kibembe, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, ingawa hakuna aliyekuwa anakijua: "Mama, hakuna kitu." Nilikuwa na dola 22 kwenye pochi. Tukaanza kurudisha kimoja kimoja. Kuku wakaenda, mafuta yakaenda. Kila kitu kikirudishwa, namba kwenye kioo inashuka na mtoto anaisoma. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Mama mmoja akataka kutulipia, nikakataa. Sijui kwa nini nilikataa. Mpaka leo nikipita duka lile, mkono wangu unaingia kwenye pochi wenyewe kuhesabu.

Nyumbani nikafanya ambalo wengi wenu mnafanya: nikamtafuta "mtu anayejua". Alikuwa ndugu yetu, wa lugha yetu, aliyefika hapa miaka mingi kabla yetu. Akatoza dola 40 kujaza fomu ambayo ni ya bure. Hakuniuliza mengi. Alihesabu vichwa vilivyokuwa sebuleni, akaandika nane, akanionyesha pa kusaini, nikasaini. Hata leo tukikutana msibani ananisalimia kama hakuna kilichotokea, nami namwitikia, lakini moyo wangu bado unauma.

Siku chache baadaye ofisi ikapiga simu ya usaili. Mkalimani alikuwa kwenye laini, Kiswahili chake safi cha pwani. Akauliza: "Nyumbani mnaishi watu wangapi?" Nikajibu nane. Na kweli tulikuwa nane: mimi, mume wangu, mama mkwe, watoto wanne, na shemeji yangu. Shemeji alikuwa na miaka 29. Alilala beismenti, alifanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama, na wiki zile alikuwa anapiga ovataimu kila siku. Alikuwa na friji yake ndogo na jiko lake la umeme. Akirudi saa kumi na mbili asubuhi anapika wali wake, anakula, analala. Kwenye chungu changu hakuwahi kuchota. Mshahara wake wote ukajumlishwa na wa mume wangu. Barua ikaja, safari hii kwenye anwani sahihi: mapato yenu yamezidi kiwango, ombi limekataliwa.

Tukakaa hivyo wiki nyingi. Tulikula, Mungu ni mwema, lakini tulikula kwa kuhesabu. Mama mkwe alikuwa anasema ameshiba kabla hajaanza.

Mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye aliyeniambia kuna wanasheria wanaosaidia watu wa kipato kidogo bila malipo. Nilikwenda nikiwa sina imani. Mwanasheria alikuwa binti mdogo, nadhani hakuwa amefika miaka 30. Alisoma ile barua mara mbili, akapiga simu ya mkalimani, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Shemeji yako anakula chakula unachopika wewe?" Nikasema hapana. "Chakula chake ananunua nani?" Ananunua mwenyewe. Akaweka kalamu chini.

Ndugu zangu, hapa tulieni tuelewane. Neno wanalotumia kwenye fomu tunalitafsiri "nyumba" au "kaya", na sisi tunahesabu paa. Sheria ya SNAP inahesabu chungu. Familia yako kwao ni watu wanaonunua na kupika chakula pamoja. Mume na mke wanaoishi pamoja wanahesabiwa pamoja vyovyote vile. Mtoto wa chini ya miaka 22 anayeishi na wazazi wake, naye yumo hata akipika peke yake. Lakini shemeji mtu mzima mwenye jiko lake, binamu aliyepanga chumba kwako, hao wanaweza kuwa familia nyingine chini ya paa lile lile. Ukiulizwa mko wangapi, jibu hivi: tunaopika pamoja ni saba, na yuko mmoja anayejipikia.

Na liwe kweli. Usije ukasoma makala hii kisha ukamhamishia mumeo beismenti kwenye karatasi. Anayedanganya kwa makusudi anafungiwa mwaka mmoja mara ya kwanza, miaka miwili mara ya pili, na mara ya tatu ni maisha. Wanaouza fudistempu kwa nusu bei wapate pesa taslimu, mnajijua. Mnatuharibia jina sisi sote.

Turudi kwa yule binti. Aliniambia nina siku 90 tangu barua ya kukataliwa kuomba kusikilizwa, yaani kuupinga uamuzi mbele ya hakimu wa ofisi, na mimi nilikuwa nimebakiza 11. Aliandika ombi siku ileile. Kusikilizwa kwenyewe kulikuwa kwa simu, mezani jikoni kwangu, na shemeji akiwa macho kwa nguvu baada ya zamu ya usiku ili aseme kwa mdomo wake kwamba anajipikia. Dakika 25 hazikufika. Uamuzi ulikuja kwa posta: tumeshinda, na miezi yote tuliyokosa ikarudishwa kwenye kadi kwa mara moja. Nilikwenda duka la Waafrika nikanunua migebuka mikavu ya Tanganyika, nikapika, nikampelekea shemeji sahani kule chini. Ile ya siku moja hawahesabu.

Najivunia siku ile. Mimi niliyeshindwa kusema "hakuna kitu" kwa Kiingereza dukani, niliongea mbele ya hakimu wa ofisi na nikasikilizwa. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana nakuwa mkali kidogo.

Fungua barua. Leo, siyo wikendi. Piga picha, mtumie mtu unayemwamini, lakini ifunguliwe. Usihame bila kuiambia ofisi anwani mpya. Ukikatwa, ukipunguziwa au ukikataliwa, mwambie afisa maneno mawili ya Kiingereza, hata kama hujui mengine: "fair hearing", ndiyo kule kusikilizwa. Hayo ni maombi tosha. Hata ukiyasema kwa mdomo yanahesabika, ila mimi napenda na maandishi yawepo. Kama barua inasema watapunguza kuanzia tarehe fulani katikati ya muda wako, ukiomba kabla ya tarehe hiyo unaweza kuendelea kupata kiasi kile kile mpaka uamuzi utoke. Ukishindwa utadaiwa kilichozidi, kwa hiyo omba ukiwa na hoja.

Mkalimani ni haki yako na ni bure. Acheni kuwatumia watoto. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kubeba neno "mapato" mgongoni.

Simu ya usaili mara nyingi huja bila namba kuonekana. Tumezoea kutopokea simu za namna hiyo tukiogopa matapeli, kumbe ndiyo riziki inaita. Ukiikosa, piga mwenyewe upangiwe siku nyingine. Na majina yetu! Huku jina la baba limekuwa la kwanza, kule la mwisho, na nusu ya watu wazima tuliotoka kambini tumeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Kabla hujazungumza lolote, taja namba ya kesi, wasikuchanganye na mwingine.

Mama mkwe alikuwa analipa dawa na miwani kila mwezi na hatukuwahi kupeleka risiti hata moja. Kwa mtu wa miaka 60 na zaidi, au mwenye ulemavu, gharama za matibabu anazolipa mwenyewe zikizidi dola 35 kwa mwezi, kilichozidi hupunguzwa kwenye mapato wanapopiga hesabu. Pelekeni na kodi ya nyumba, na malipo ya anayewaangalia watoto mkiwa kazini. Risiti ndiyo ulimi wako pale ofisini.

Kuhusu wizi wa kadi: vifaa vinavyobandikwa kwenye mashine za dukani huiba namba zako, na pesa hutumika usiku mji usioujua. Serikali kuu iliruhusu kurudishiwa kwa wizi uliotokea mpaka tarehe 20 Desemba 2024, basi. Badilisha namba ya siri kabla ya siku ya pesa kuingia, na kama jimbo lako lina programu ya simu ya kufunga kadi, ifunge ukishanunua.

Liko jambo moja ambalo barua na mwanasheria havitoshi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata green card, kibali cha ukaazi wa kudumu. Watu waliotoka foleni ile ile niliyopanga mimi. Linaniuma na sitajifanya haliniumi. Kama umefikisha mwaka mmoja hapa na hujaomba green card, omba sasa. Huku ukisubiri, WIC, msaada mwingine wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano haiulizi hati yako ya uhamiaji, chakula cha shuleni pia hakiulizi. Na tuliojaliwa, Novemba 2025 serikali ikiwa imefungwa na pesa zikachelewa tulionja wiki chache tu za hali yao. Mfuko wa mchele ukiingia kwako, mjue nani jirani hana kadi kabisa.

Yule mama tulimjazia fomu Jumapili ileile usiku kwenye simu yake, yuko bado ndani ya siku 30 tangu muda wake uishe, kwa hiyo hatuanzi upya kabisa. Wako watano wanaopika pamoja. Nimemuuliza mara tatu. Usaili ni Alhamisi saa nne asubuhi. Nimemwambia achaji simu, slipu nne za mshahara wa kijana ziwe mezani, na afisa akisema haloo, neno lake la kwanza liwe "Swahili". Droo ameiachia vijiko tu. Barua sasa ziko juu ya friji, ameniambia, zimebanwa na sumaku.