Regulata mpya ya kuzamia: ipime nyumbani kabla ya kuipeleka Msimbati

Mkuu, umeuliza kama regulata mbili (vifaa vya kupunguza presha ya hewa ya mtungi ili mzamiaji apumue) ulizoagiza nje zinaweza kuingia maji ya Msimbati moja kwa moja, maana ndani ya boksi kuna karatasi ya kiwanda inayosema zimeshapimwa. Mimi ningezipima kwanza nyumbani, na spana nisingeigusa mpaka geji inipe sababu. Tangu karatasi ile isainiwe zimelala ghalani, zimepanda ndege, zikamalizia na basi la Dar hadi hapa Mtwara. Zangu zikisumbua nazirudisha Dar kwa fundi, zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo kasoro heri niione mapema.

Anza bila mtungi. Funga kifuniko cha vumbi kwenye kile kichwa kinachokaa mtungini, weka kile kipande cha kupumulia mdomoni, vuta. Hewa isije kabisa. Ikija, mara nyingi ni kijiwambo (utando mwembamba wa mpira) cha kutolea pumzi kimejikunja, au kile kifungo cha plastiki kinachobana mpira wa mdomo kimelegea. Hapo hapo jaribu kila mpira wa kupitishia hewa kwa mkono kama umekazwa. Angalia pia kama kichwa ni cha klampu au cha DIN ya kuskrubia. Mitungi mingi ninayokutana nayo huku ni ya klampu.

Sasa kipimo chenyewe. Tafuta geji ndogo ya presha ya kati, yaani ile inayotoka kichwani kwenda mdomoni; geji hiyo huchomekwa kwenye mpira wa hewa wa jaketi la kuzamia. Kichwa kinapokea baa 200 za mtungi na kuzishusha hadi baa 9 au 10 hivi. Kiwango kamili kipo kwenye kitabu chake. Fungua mtungi polepole, bonyeza kitufe cha kupulizia mara kadhaa, uachie. Sindano inashuka, inarudi, inatulia. Itazame dakika tano nzima. Ikiendelea kutambaa juu, kiti cha valvu (sehemu inayoziba hewa) ndani ya kichwa hakizibi, na hiyo inarudi kwa muuzaji. Usiifungue, utapoteza waranti bure. Rudia na mtungi uliobaki baa 50, maana kiti kinachoziba vizuri kwenye presha kubwa si lazima kizibe kwenye ndogo.

Cha mdomoni nakipima kwa beseni. Mtungi ukiwa wazi, kishushe majini taratibu mdomo ukitazama juu, na usikilize. Kianze kutoa hewa maji yakiwa yamefunika kiwambo chake kikubwa, kile kinachofungua hewa ukivuta, kwa sentimita 2.5 hadi 4. Kikishaanza kinaweza kufoka bila kukoma. Usishtuke, geuza mdomo chini kitanyamaza. Kisiponyamaza, au kikivuja kikiwa kikavu, hapo kuna marekebisho.

Kama yako ina kirungu cha nje cha kurekebisha uzito wa pumzi, maliza kazi kwa hicho. Marekebisho ya ndani mwachie aliyefundishwa, ila msimamie: anapozungusha tundu la hewa la kipande cha mdomoni lazima awe amebonyeza kitufe cha kupulizia, la sivyo ukingo wake unakata kiti laini na regulata mpya inageuka ya kuvuja. Azungushe kidogo kidogo, apime kila mara. Na akikwambia apandishe presha ya kichwa ili pumzi iwe nyepesi, kataa. Hiyo ni njia fupi ya kupata regulata inayofoka ovyo.

Usidharau uzito mdogo wa pumzi ukiwa barazani. Mita 30 chini hewa ni nzito mara nne, na kinachokera kidogo juu kitakuchosha kule, hasa kusi likivuma na mkondo ukikusukuma.

Mbizi za kwanza fanyia ghuba ya Mikindani, mita 5 zinatosha, na mwenzako pembeni. Pumua umelala ubavu, kisha kichwa chini, maji yasiingie. Ukitoka, pima tena kwa geji, kwa sababu kiti kipya hujikalia kadiri kinavyotumika na presha inaweza kusogea kidogo. Ikibaki ndani ya kiwango cha kitabu na haitambai, nenda Msimbati. Ikitoka nje ya hapo, weka namba hapa tuzione.