Maswali na majibu ya kanda: Acheni matangazo yalivyo

Barua kuhusu kanda za zamani za video zimejaa tena. Nimechagua zenye kichwa na miguu, pamoja na moja isiyo na vyote viwili. Hiyo naanza nayo ili tuimalize.

Kaka, mimi ni Mnyama damu damu. Nisaidie nipate mechi ya Simba na Stella Abidjan ya 1993 kama ilivyorushwa na ITV. Kuna jamaa Tandika anasema anayo, anataka laki mbili. (Mwana Msimbazi, Temeke)

Hapana. Swali hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Fainali ile ya Kombe la CAF ilimalizikia Uwanja wa Taifa Novemba 1993, Simba ikalala 2-0. ITV ilianza 1994. Siku ile bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, kwa hiyo hakuna "kama ilivyorushwa". Kama kuna picha, basi ni ya mtu aliyeingia uwanjani na kamera yake, na hiyo ningeitazama kwa hamu kubwa. Mwambie jamaa wa Tandika akuwekee mkanda hapo hapo, utazame kona ya skrini kama kuna nembo ya kituo, halafu umuulize nembo hiyo ilitoka wapi mwaka huo. Shilingi yako ikae mfukoni kwanza.

Tukiwa hapo hapo: Dar kulikuwa na watu waliosimamisha antena ndefu wakidaka TVZ ya Zanzibar miaka mingi kabla ya 1994. Mwenye mkanda aliorekodi hivyo Upanga, Magomeni au Msasani miaka ya 1980 aniandikie leo, asisubiri kesho. Huyo ana kitu.

Mzee, habari za kazi. Marehemu mume wangu aliacha kanda nyingi, alikuwa anarekodi taarifa ya habari na michezo ya kuigiza. Vijana wanataka wazipeleke dukani zihamishiwe kwenye flashi, halafu zitupwe maana zinajaza kabati. Ni sawa? (Mama, Mbagala)

Salama mama, na pole sana. Kuhamisha ni sawa. Kutupa, hapana.

Nikueleze kinachotokea kwenye maduka mengi ya namna hiyo. Kijana anachomeka mkanda kwenye deki ambayo vichwa vyake havijasafishwa tangu inunuliwe. Anaunganisha na kile kidubwasha cha bei rahisi cha kuingizia picha kwenye kompyuta. Anakwenda kula. Akirudi anakata "sehemu zisizo na maana", anayabana mafaili mpaka picha inakuwa ya vigae vigae, anakupa flashi. Mkanda ukiwa umeshatupwa, hicho ndicho utakachobaki nacho wewe na wajukuu. Ukiwa bado unao, fundi mwingine mwenye vifaa bora anaweza kurudia kazi hata baada ya miaka 5.

Kabla kanda hazijatoka nyumbani, vunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kila mkanda. Bila kijino, deki haiwezi kurekodi juu yake hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Dukani mwambie unataka picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kama mfumo wa PAL tunaotumia sisi ulivyo. Mwambie pia asiibane. Kwa faili la aina ya DV, saa moja inachukua kama GB 13, hivyo mkanda wa E-180 uliojaa, yaani saa 3, unakaribia GB 40. Na kama mzee alirekodi kwa spidi ya LP, mkanda ule ule una saa 6. Mtu akikurudishia saa 3 ndani ya GB 1, chukua kanda zako, mshukuru, ondoka.

Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Nunua diski kuu za nje (hard disk) mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu wa mtaa mwingine kabisa. Na kwenye michezo ya kuigiza usiruhusu mtu aguse mwanzo wala mwisho. Mambo Hayo na Kaole kila mtu wa rika lako anawakumbuka, anakutajia wahusika mpaka wanavyocheka, lakini tafuta kipindi kizima, toka muziki wa kufungulia hadi majina ya waliotengeneza, uone kama utakipata kirahisi. Huenda kimo kabatini kwako.

Mkanda wangu hauna lebo. Una nusu ya taarifa ya habari, mechi, kipindi cha dini, halafu harusi ya dada. Nitajuaje ni wa mwaka gani? Na je, nikate matangazo ya biashara ili faili liwe dogo? (Kijana, Sinza)

Unaniuliza mwaka, na papo hapo unaniomba ruhusa ya kuchoma cheti cha kuzaliwa. Matangazo ndiyo yanayokwambia mwaka, kijana wangu!

Tazama kampuni za simu. Ukiona Vodacom, uko 2000 au baadaye. Ukiona Celtel, uko kati ya 2001 na 2008. Ukiona Zain umebahatika, maana jina hilo lilidumu kuanzia 2008 hadi 2010 tu, likaja Airtel. Nembo ya TVT, jina la zamani la TBC, nayo inakusogeza nyuma. Habari zenyewe zinasaidia: kuzama kwa MV Bukoba ni Mei 1996, maombolezo ya Mwalimu ni Oktoba 1999. Na kuna kipimo ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni Ramadhani. Mwezi unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ukikuta tangazo la tende na futari limefuatana na salamu za Krismasi, huo mkanda ni wa 1998, 1999 au 2000, kwa sababu tangu bara ipate televisheni ni miaka hiyo 3 tu ambayo Krismasi imeangukia ndani ya mfungo.

Jambo jingine hukuuliza, nalisema hata hivyo. Harusi ikiisha na chenga zikianza, usisimamishe. Acha mkanda utembee mpaka mwisho kabisa. Watu walirekodi juu ya vitu vya zamani, na rekodi mpya ikiwa fupi kuliko ya kwanza, ya kwanza inabaki mkiani. Harusi ya dada yako ipo kwenye albamu na kwenye vichwa vya watu mia tatu waliokula pilau. Zile dakika chache za 1995 zilizo nyuma yake pengine hazipo kwa mtu mwingine yeyote.

Naweza kuweka simu mbele ya TV na kurekodi?

Unaweza, kama unavyoweza kupiga picha ya picha ya pasipoti. Usifanye.

Kanda zimeota unga mweupe. Jirani ananishauri nizianike juani, fundi anasema zinaokwa kwenye oveni. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kigamboni)

Usimsikilize hata mmoja. Huo ni ukungu, na kwa unyevu wa pwani yetu hakuna la kushangaza. Jua litapinda kasha na kuuharibu utepe. Habari ya kuoka ni ya kweli ila imesikiwa nusu. Kuna kanda za kitaalamu, hasa za rili na za U-matic, ambazo gundi yake inanyonya unyevu na kuanza kunata. Hizo wataalamu huzipasha kwenye oveni maalumu, nyuzijoto kama 54 kwa saa kadhaa, ili zichezeke mara moja zinakiliwe. Oveni ya keki haina udhibiti huo, na ukungu si ugonjwa huo.

Wewe fanya hivi. Zitenge zenye ukungu mbali na nzima. Usizichomeke kwenye deki, hata ile "ngoja nione kidogo", kwa sababu unga unahamia kwenye vichwa, na vichwa vinaupeleka kwenye mkanda unaofuata. Ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, vingi, uvibadilishe. Ukungu ukishakauka unapukutika, na fundi mwenye uzoefu anaweza kuufuta akiuzungusha utepe taratibu nje ya deki unayoitegemea. Avae barakoa. Baada ya hapo zisimamishe wima kama vitabu, kwenye kabati la chumba cha ndani, zisiguse sakafu wala ukuta wa nje.

Nina kaseti ya sauti tu. Kaka yangu alikuwa anaweka redio kaseti mbele ya TV wakati wa vichekesho. Picha hamna. Ni takataka?

Si takataka hata kidogo. BBC ya Uingereza ilifuta kanda zake nyingi mpaka 1978, ikapoteza vipindi chungu nzima vya tamthilia ya Doctor Who vya miaka ya 1960. Sauti ya kila kimoja kati ya vilivyopotea ipo leo, kwa sababu watoto na vijana wa wakati ule waliweka mashine zao za kurekodi mbele ya televisheni, wakawanyamazisha wenzao sebuleni. Kwa sauti hizo vipindi kadhaa vimechorwa upya kwa katuni. Na mwaka 2013 walitangaza kupatikana kwa filamu za vipindi 9 ambavyo hawakuwa navyo. Wapi? Jos, Nigeria. London ilifuta, Afrika ikatunza. Nakili kaseti yako, pamoja na sauti ya mama yenu anayewaita mkale.

Nimesafisha mkanda wangu kwa akili mnemba, umekuwa kama wa jana. Nikutumie?

Nitumie ule wa kabla. Programu hizo hazisafishi sura, zinatunga. Uso wa msomaji habari uliokuwa na nukta chache zinauvisha ngozi na meno ambayo hayakuwahi kuwepo. Chezea nakala upendavyo, lakini faili la kwanza lisiguswe, na lile ulilolipamba uliandike wazi kwamba limepambwa.

Nina mkanda adimu wa kituo kikubwa. Niwauzie bei gani? Au niupandishe YouTube nivune? (Mjasiriamali, Kariakoo)

Mkanda ni wako. Kilichorekodiwa si chako. Haya ni mambo mawili, na tuna sheria ya hakimiliki tangu 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo.

Kisa cha Marekani kitakusaidia. Fainali ya kwanza ya Super Bowl, ya ligi ya mpira wa Kimarekani, Januari 1967, ilirushwa na vituo vya CBS na NBC, na vyote viwili havikutunza mkanda. Miaka mingi baadaye ikagundulika kwamba mtu mmoja wa Pennsylvania aliirekodi, na kanda zilikuwa darini. Mwenye kuzirithi akataka dola milioni 1. Wenye ligi wakampa ofa ya dola 30,000, na kumkumbusha kwamba picha ni mali yao. Hakuna aliyelegeza. Kanda zilisafishwa na kuhifadhiwa, lakini hakuuza wala hakuonyesha. Kwa hiyo ukienda kituoni na bei ya kiwanja cha Mbezi, utarudi nayo. Wapelekee nakala, tena kwa maandishi yenye saini kwamba umewapa, kwamba mkanda wenyewe unabaki kwako, na kwamba watakutaja. Wakikataa kusaini, rudi na nakala yako. Mimi niliwahi kuacha mkanda mahali kwa kuaminiana, na mpaka leo kila nikiuliza naambiwa aliyeupokea amehama idara.

Deki nzuri naipata wapi?

Mpya hakuna. Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikiunda za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Zungukia mitumba ya Gerezani na Mchikichini, na waulize mafundi wa TV za chogo, hao wana stoo zenye miujiza. Tafuta yenye tundu la S-Video, linalotoa picha safi kuliko tundu la kawaida. Ukipata ya S-VHS, yaani VHS ya daraja la juu, yenye kifaa cha ndani kinachosawazisha mistari ya picha, usiringe, lipa. Nenda na mkanda usiouthamini, ujaribu nao kucheza, kurudisha nyuma na kutoa. Deki inayotafuna itatafuna hapo hapo mbele ya muuzaji. Vichwa visafishwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, si spiriti ya duka la dawa, na si kwa vijiti vya pamba za masikio, maana nyuzi zinanasa na kung'oa vichwa.

Kuna mkanda umetoka kwa mjomba Marekani, kwangu unaonyesha picha nyeusi na nyeupe inayoruka.

Huo ni NTSC, mfumo wa Marekani, si PAL yetu. Tafuta deki inayosoma mifumo yote.

Mke wangu amesema mwisho wa mwezi huu ni yeye au maboksi ya kanda. (Mume, Tabata)

Msomee habari za Marion Stokes wa Philadelphia, aliyerekodi televisheni mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, zikachukuliwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Mwambie wewe una maboksi tu. Asipolegea, yahamishie kwa mama yako. Usiyalete kwangu, nami nina mke.