Dada, weka hiyo chupa ya mafuta chini kwanza

Usinywe. Kama umeshapima hiyo nusu glasi, irudishe kwenye chupa ndipo uendelee kusoma.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana miezi mitano tangu afanyiwe baipasi ya tumbo (upasuaji wa kupunguza uzito, tumbo linakatwa kibaki kijifuko kidogo na utumbo unaunganishwa upya), kapungua kilo 34, ultrasaundi imeonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na usiku anabanwa chini ya mbavu za kulia mpaka mgongoni. Kauliza ale nini, nywele zinakatika afanyeje, vitamini zipi, na kama kesho asafishe nyongo kwa nusu glasi ya mafuta ya zeituni na ndimu kabla ya kulala, kama alivyoelekezwa kwenye kundi la WhatsApp. Nilipofika hilo la mwisho, mengine yote yakanitoka kichwani.

Sikia. Mfuko wa nyongo hujikamua pale mafuta yanapofika kwenye utumbo. Mlo wenye gramu 10 za mafuta unatosha kuukamua vizuri tu. Nusu glasi ni kama mililita 120, yaani zaidi ya gramu 100 kwa mpigo, na unazipeleka kwenye kijifuko cha tumbo ambacho siku kilipotengenezwa kilikuwa na ujazo wa mililita 30 hivi. Sasa una mawe mle ndani halafu unaukamua kama mtu anayemalizia dawa ya meno. Jiwe kubwa litaziba mlango wa mfuko na utagaagaa mpaka alfajiri. Dogo ndilo la kuogopa, maana linapenya, linateremka kwenye mrija mkuu wa nyongo na kukwama kule mwisho, ambako mrija wa kongosho nao unamwagia. Hapo ama macho yanageuka njano, ama kongosho linavimba, ama vyote viwili.

Ngoja, gharama yenyewe bado. Mtu ambaye hajafanyiwa baipasi, jiwe la namna hiyo hufuatwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Wewe njia hiyo imehamishwa. Kamera ikipita kwako inaingia kwenye kijifuko, inatokea kwenye utumbo uliounganishwa upya, na mlango wa nyongo uko kwenye kipande kile kilichorukwa, mbali sana. Mara nyingi inabidi watoboe ngozi ya tumbo, waingilie kwenye lile tumbo la zamani lililobaki humo, ndipo waufikie. Si kila hospitali ina mtu wa kufanya hivyo. Jiwe la ukubwa wa punje ya mchele linakurudisha chumba cha upasuaji. Msiniulize bili inafika ngapi, bado nina madeni na sitaki kulia hadharani.

Watakwambia "lakini mawe yanatoka, tumeyaona chooni!" Zile gololi za kijani. Jarida la madaktari la Lancet lilichapisha mwaka 2005 vipimo vya gololi hizo hizo: kolesteroli hamna, bilirubini hamna, kalsiamu hamna. Ni asidi za mafuta, na zikipashwa nyuzi 40 zinayeyuka kuwa mafuta ya kijani. Ni sabuni, dada. Mafuta yale yale uliyokunywa yameiva tumboni. Mawe yenyewe yamebaki mahali pake yanakucheki. Yule "mtaalamu wa tiba lishe" anayetuma picha za choo saa mbili asubuhi watu wakinywa chai, anaendesha kiwanda cha sabuni bila leseni, tena mitambo ni matumbo ya wateja.

Na aliyekwambia tangu mwezi wa kwanza "usiguse mafuta kabisa" naye ana kesi ya kujibu. Ukipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Ukiwa unaishi kwa uji mwepesi na tikitimaji, mfuko hauna sababu ya kujikamua, nyongo inalala humo, inakuwa tope, tope linakuwa mawe. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya vidonge vya urso (asidi ya ursodeoksikoliki) wanavyopewa waliofanyiwa baipasi, kwa kawaida miligramu 500 hadi 600 kwa siku, miezi sita ya mwanzo. Watu wanaviacha mwezi wa pili kwa sababu hawaumwi popote. Si dawa ya maumivu! Vinazuia mawe yasianze. Yakishaanza kuuma kama yako, habari ni ya kuutoa mfuko, na hiyo ongea na daktari wa upasuaji wiki hii, siyo kundi.

Kanuni yangu moja: mafuta kidogo, kila siku, yagawanye. Isiwe sifuri, isiwe nusu glasi. Kijiko cha chai cha mafuta ni kama gramu nne na nusu, yai moja gramu tano. Kwa sasa unapoumwa, kiasi hicho kwa mlo kinatosha. Samaki wa kuchemsha, maharage, kuku bila ngozi. Tui tumia la mwisho, kasimile waachie wenye nyongo zao. Supu ya kongoro na chipsi mayai, hapana.

Aliyekushauri diklofenaki hapo juu, mkuu, futa. Aliyefanyiwa baipasi hapewi diklofenaki wala ibuprofeni, zinatoboa vidonda pale kwenye maungio. Paracetamol kwa kipimo chake.

Ukiona homa na kutetemeka, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo, au maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni na kutapika, usisubiri kukuche. Nenda usiku huo huo, na neno la kwanza pale mapokezi liwe "nimefanyiwa baipasi", maana mishono midogo ile wengi hawaioni.

Hiyo chupa usiitupe, mafuta ya zeituni ni ghali. Kijiko kimoja cha chai kwenye mchicha, mchana.