Miaka saba nimeungama kitu ambacho hakiungamwi

Kiukweli hii nimeandika nikafuta mara tatu, ya nne ndo hii. Kuna mdogo wangu mmoja (si wa damu) aliniandikia usiku, "kaka, naweza kuwa hivi nilivyo na bado niende Misa?" Nikamjibu maneno mawili tu maana nilikuwa nimening'inia kwenye daladala, afu nikafika nyumbani roho inanisuta, kwa sababu mi mwenyewe ningempata mtu wa kunijibu kirefu nikiwa na umri wake ningeokoa miaka mingi sana.

Haya, kirefu ni hiki. Mi ni Mchaga wa Kibosho, naishi Dar, naimba besi kwaya ya parokia, na ni shoga. Hilo neno nalo lina mambo yake, mama mwenye nyumba wangu ni mtu wa Tanga, kutwa utamsikia anamwita jirani "shoga angu njoo uonje mchuzi", nilipohamia pale nilikuwa nashtuka kila akiita, sa hivi nacheka tu.

Kuanzia kidato cha pili mpaka mwaka wa pili chuo nilikuwa naingia kitubio kuungama kwamba niko hivi. Sikuwa nimefanya kitu na mtu, hata mkono wa mtu sijashika, naungama tu nilivyo. Padri mmoja alinipa rozari nzima, mwingine akanipa mfungo, mwingine akaniuliza maswali ambayo siyarudii hapa. Natoka pale nimepondeka, wiki tatu nyingine nimerudi na wimbo uleule. Mpaka siku moja kwenye mafungo ya Kwaresima nikamkuta padri mzee, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, hapo umenieleza ulivyo, mi nimekaa hapa kusikiliza ulichofanya, una dhambi au huna?" Nikakaa kimya, nikafikiri weee, mwisho nikakumbuka hela ya sare za kwaya niliyoila. Akanipa malipizi ya hiyo na akaniambia nirudishe hela ya watu. Kwa lile lingine hakunipa kitu.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe nalia kama mtoto.

Sasa sikudanganyi kwamba Kanisa limesema ruksa, halijasema. Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2357 inasema matendo ya ushoga yanapingana na sheria ya maumbile, na maneno yake mengine pale yanauma, usisome ukiwa na njaa. Ila namba inayofuata, 2358, inasema watu kama sisi tupokelewe kwa heshima na huruma, na ubaguzi usio wa haki uepukwe, na hiyo sijawahi kuisikia kwenye mahubiri hata siku moja. 2359 inatuita kwenye usafi wa moyo, yaani kujizuia. Mi sijalimaliza hilo swali. Kuna miaka nimeishi peke yangu, kuna miaka nimempenda mtu, kuna Jumapili napanga foleni ya komunyo na kuna Jumapili nabaki kwenye benchi najifanya natafuta ukurasa wa wimbo, na unajua parokia zetu, ukibaki kwenye benchi mara tatu mfululizo wanaanza kukuhesabia. Waache wahesabu.

Cha kwanza nachokuomba mdogo wangu ni kuchagua wa kumwambia. Huko ndani ya kitubio padri amefungwa, kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa inamkataza kutoa siri yako kwa namna yoyote ile, lakini ukimwambia huyohuyo ofisini mkiwa na soda mezani hizo ni stori tu, hazina ule ulinzi wa kitubio, watu wengi hatujui tofauti hiyo na imewaponza wenzetu. Ikibidi panda gari nenda parokia ambayo hawakujui. Na kwenye jumuiya, wale majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, usiseme kitu, nasema hivi nikiwa naipenda jumuiya yangu, wale kina mama walinipikia wiki nzima nilipougua malaria, lakini sheria ya nchi yetu, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaongelea miaka 30 mpaka maisha, na siri ya watu ishirini ni tangazo. Meseji pia futa. 2018 Dar ilipotangazwa kwamba mashoga watasakwa nililala kwa rafiki siku nne, simu nimeitoa laini, Jumapili nikaenda Misa ya kwanza ile ya asubuhi kabisa kwa sababu bado kulikuwa na giza.

Cha pili, usioe ili kuzima maneno. Najua presha ya nyumbani, najua kihamba (shamba la ukoo) kinamsubiri nani na babu anasubiri mtoto wa kubeba jina lake, hayo yote nimeyapitia. Lakini yule binti naye ni mtoto wa mtu. Na hata ukiangalia kikanisa tu, kanuni ya 1098 inasema mtu akidanganywa makusudi ili akubali ndoa, na akafichwa jambo zito linaloweza kuvuruga maisha yao ya ndoa, ile ndoa si halali. Yaani utakuwa umesimama altareni, kwaya inaimba, shangazi wanapiga vigelegele, afu hakuna kitu. Na seminari nayo usiifanye maficho, tangu 2005 Roma ilisema wazi haitaki kupokea wenye mwelekeo huu wetu uliokita mizizi, utaenda kuanza maisha ya sala kwa uongo.

Nyumbani ndo kugumu zaidi kuliko kanisani, kwangu mimi. Dada yangu mkubwa nilimwambia 2021, akaacha kupokea simu zangu. Desemba 2023 nimepanda Moshi kama kila mwaka, na ile tarehe 18 ndo Roma ilikuwa imetoa lile tamko la kuruhusu wapenzi wa jinsia moja wapewe baraka fupi, nje ya liturujia, isifanane na ndoa. Wee! Magrupu ya WhatsApp ya jumuiya yaliwaka moto, na Krismasi tumekaa na baba wadogo, nyama iko kwenye majani ya mgomba, mbege inazunguka, mada ni moja tu. Mmoja anasema hawa watu wachomwe, mwingine anasema huu si utamaduni wetu. Nimekaa katikati yao natafuna. Dada yuko pale, anajua, na alicheka na wenzake.

Huyo aliyesema utamaduni nampenda sana, amebeba jina la mfalme wa Ufaransa aliyetangazwa mtakatifu. Wamisionari walifika Kilema 1890, na wazee wetu wanasimulia jinsi matambiko na ngoma vilivyoitwa vya shetani, leo ngoma ziko karibu na altare na hakuna anayeshangaa. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba nikisikia "utamaduni wetu" huwa najiuliza, ule wa mwaka gani?

Asubuhi yake bado niko kitandani dada akaja mlangoni na isale. Kwa asiyejua, lile ni jani letu la kuombea msamaha, ukiletewa isale hukatai, hata kama mlikuwa mmeuana. Akaliweka juu ya blanketi akasema, "Usidhani nimekubali hayo mambo yako. Nimekuja kwa ajili ya kile kicheko cha jana, basi." Nikasema nimepokea dada. Akaniuliza kama nataka chai ya rangi au ya maziwa.

Januari maaskofu wa Afrika kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa wakasema huku kwetu hizo baraka hazitatolewa. Wala sikuumia kama nilivyotegemea, maana sikuwa nimeomba baraka, nilikuwa nimeomba dada, na dada sa hivi anapokea simu. Hatuongelei kile kitu, tunaongelea migomba.

Kwa hiyo mdogo wangu, Misa nenda. Kaa karibu na feni. Mtafute padri mmoja anayesikiliza kuliko anavyoongea, hata kama itakuchukua miaka. Ukipata wiki ambayo huwezi kusali kabisa, imba tu, mi besi imenishikilia miaka ambayo sala zilikuwa haziji. Na ukizidiwa usiku usikae peke yako na hayo mawazo, pigia mtu, nipigie.

Naishia hapa, Jumamosi zamu ya jumuiya iko kwangu na viti nina vinne tu, naenda kwa shoga yake mama mwenye nyumba kuazima benchi.