Kabla hujahamia modeli ya gharama, soma kwanza maelezo ya zana zako

Mkuu mleta mada, umesema wakala wako wa AI ana zana 23 (yaani kazi za programu ambazo modeli inaweza kuziita), anachanganya ya kutafuta oda na ya kutafuta mteja, na sasa unataka kuhamia modeli kubwa zaidi. Subiri kwanza. Mwaka jana nilimtengenezea jamaa mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi wakala wa kupokea oda za WhatsApp (wakala wa AI, si wa miamala). Nilibadilisha modeli mara mbili na tatizo likabaki palepale.

Nilichochelewa kuelewa ni kwamba modeli haioni msimbo wako. Uwe unatumia MCP, ile itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, au unaita API ya modeli moja kwa moja, inachopewa ni jina la zana, maelezo yake na skima ya JSON ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inataka ijazwe na aina ya kila moja. Basi. Yote uliyokuwa nayo kichwani ulipoandika ile zana, usipoyaandika pale, kwake hayapo.

Zana yangu ya oda ilikuwa na kigezo kinaitwa "kiasi", aina yake namba, maelezo yake "kiasi cha oda". Mteja akaandika: "niletee saruji ya laki tatu". Wewe na mimi tunajua huyo anataka saruji ya shilingi 300,000. Wakala akajaza kiasi: 300000. Mifuko laki tatu! Kilichotuokoa ni mfumo wa stoo kukataa, maana mzigo wa namna hiyo haukuwepo.

Nikailaumu modeli wiki nzima. Lakini hebu soma hilo neno upya: kiasi ni hela au ni idadi? Mtu mgeni dukani naye angekwama. Nikakiita idadi_ya_mifuko, nikaongeza kwamba mteja akitaja hela, ita kwanza zana ya bei, gawanya, kisha mwulize mteja kama idadi hiyo ni sawa kabla ya kuweka oda. Likaisha siku ileile, kwa modeli ileile ya bei nafuu.

Halafu saa. Mteja kasema "kesho saa mbili asubuhi", wakala kaandika 02:00. Dereva akanipigia kuuliza tunapakia mzigo wa nani saa nane za usiku. Hapo modeli ilijua Kiswahili vizuri tu, ila maelezo ya kigezo yalisema "muda wa kupeleka" na mengine nikaiachia ikisie. Sasa yanasema: wateja wanahesabu saa za Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00, saa moja jioni ni 19:00, asipotaja asubuhi wala jioni, muulize. Mifano miwili hiyo ilifanya kazi kuliko aya nzima niliyokuwa nimeandika mwanzo.

Kuhusu zana zako mbili zinazogombana: nadhani kila moja inaeleza inafanya nini, na hakuna inayosema lini uiache. Kwangu niliandika hivi kwenye tafuta_oda: "Tumia ukiwa na namba ya oda. Ukiwa na jina au simu tu, anza na tafuta_mteja." Zile zilizofanana mno nikaziunganisha, kwa sababu hakuna maelezo yanayoweza kutenganisha zana mbili ambazo hata wewe mwenyewe unazichanganya.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, wengi tunausahau. Zana yangu ilikuwa inarudisha "kosa 400" na wakala anarudia kuita vilevile kama redio iliyokwama. Nilipoandika "ghala halijulikani, yaliyopo ni Buguruni na Tegeta", akajirekebisha mwenyewe.

Usije ukaandika gazeti, lakini. Kwa kawaida maelezo yote yanatumwa kila mara modeli inapoitwa, na tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma) unazilipia. Na punguza zile LAZIMA za herufi kubwa. Mimi niliziweka kwenye zana moja, ikawa inaitwa hata mtu akisalimia tu.

Jambo moja sipingani na waliotangulia kujibu: maelezo si kufuli. Niliandika kwenye futa_oda "usitumie bila ruhusa ya meneja", na hilo ni ombi tu. MCP ina alama ya kuonyesha zana ni ya hatari, destructiveHint, lakini itifaki yenyewe inaiita dokezo. Ruhusa iweke kwenye msimbo. Na ukichukua zana za mtu mwingine, soma maelezo yake yote neno kwa neno: Aprili 2025 Invariant Labs walionyesha kwamba maagizo ya wizi wa data yanaweza kufichwa humo humo, modeli ikayatii na mtumiaji asione kitu.

Uliuliza pia maelezo yaandikwe kwa lugha gani. Mimi naandika maelezo kwa Kiingereza, na mifano ya maneno ya wateja naiacha kwa Kiswahili chao, na "laki" zao na "mia tano tano". Kiswahili kitupu pia kinafanya kazi, ila kwangu kilikula tokeni zaidi.

Bandika hapa maelezo ya zile zana mbili kama yalivyo, bila kuyapamba, na jumbe tatu nne ambazo wakala alikosea. Namba za simu za wateja zifute kwanza.